Maswali ya Wasomaji: Ramani ipi kwenye GPS ya mkononi?

SWALI: Ndugu mshauri, nimepata kifaa cha GPS cha mkononi, kile cha vitufe chenye kioo kidogo. Ndani yake nimekuta ramani ya msingi tu: barabara kuu chache na mito mikubwa, basi. Muuzaji anataka nichague kati ya programu ya ramani za barabara na ile ya ramani za topografia, zile zinazoonyesha milima na mabonde, na fedha zangu zinatosha moja. Siku za kazi naendesha gari, siku za mapumziko napanda milima na wenzangu. Nichukue ipi?

JIBU: Chukua ya topografia, ndugu yangu. Barabarani una wasaidizi wengi: kuna vibao, kuna simu yako, kuna watu wa kuulizwa. Ukishaiacha lami na ukungu ukashuka, msaidizi wako ni hicho kifaa. Kikiwa na ramani ya barabara peke yake, kitakuonyesha mshale katikati ya weupe mtupu. Utaijua latitudo na longitudo yako sawasawa, lakini hutajua kama mbele yako ni tambarare au ni korongo.

Ramani za barabara zina kazi kubwa iliyofichika. Kila kipande cha barabara kimeandikiwa habari zake: magari yanapita upande gani, kona gani hairuhusiwi, nyumba zina namba zipi. Habari hizo ndizo zinazokiwezesha kifaa kukupangia safari hadi mlangoni. Mtu wa baiskeli au pikipiki asiyetaka kumaliza chaji ya simu yake ningemshauri anunue hiyo bila kusita. Lakini wewe uko ndani ya gari, na vifaa vingi vya mkononi havisemi, vinalia tu mlio mfupi kona ikikaribia. Kioo cha Garmin eTrex, kwa mfano, ni cha inchi 2.2. Kukitazama huku umeshika usukani ni hatari, na sipendi msomaji wangu afanye hivyo. Simu yenye ramani zilizopakuliwa kabla ya safari, ikitamka maelekezo kwa sauti, itakufaa zaidi. Halafu barabara hubadilika: njia hugeuzwa ya upande mmoja, mzunguko mpya hujengwa, na ramani ya barabara isiyosasishwa huanza kukupoteza. Mlima uko palepale.

Sasa tuje kwenye kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani ya topografia, maana hapo ndipo utapata thamani ya fedha yako. Kila mstari unaunganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Tuseme ramani yako inaruka mita 20 kutoka mstari hadi mstari. Mistari ikiachana, unatembea kwa raha; ikibanana, jiandae kuhema; ikigusana kabisa, hapo ni ukuta wa mwamba, tafuta pengine. Mistari inapokata bonde hujikunja kama herufi V, na ncha ya V huelekea juu, kwenye chanzo cha kijito. Kwenye mgongo wa mlima ncha huelekea chini. Ukilishika hilo moja tu, utaanza kuona mabonde na migongo kwenye kioo kile kidogo, na hutashuka bonde usilolikusudia.

Kontua zinakupa na saa pia. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembezi wanaitumia mpaka leo. Kwa vipimo vyetu ni kama saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 5 kwenye ramani ya barabara inaonekana ya saa moja. Hesabu kontua zake: ukipata mistari 30 ya mita 20, ni mita 600, kwa hiyo ni saa mbili, na hapo hujapumzika wala hujamsubiri mwenzako aliyechoka. Saa hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama mtashuka mkiona njia au gizani.

Usiiamini ramani mno, hata hivyo. Ukuta wa mita 15 unaweza kujificha wote kati ya mistari miwili ya mita 20, ramani isikuonyeshe chochote. Tena kontua nyingi, hasa za ramani za bure, zimetengenezwa kutokana na vipimo vya rada ya chombo cha anga Endeavour, kilichozunguka dunia kwa siku 11 mnamo Februari 2000. Ilikuwa kazi kubwa ajabu, lakini vipimo hivyo vimepangwa kila baada ya mita 30 hivi, hivyo korongo jembamba humezwa. Na penye msitu mnene, rada mara nyingi ilirudi kabla ya kufika chini, ikapima miti pamoja na ardhi.

Kwa hiyo usilipe kabla hujaijaribu. Mwombe muuzaji akufungulie ramani kwenye kompyuta, mahali ambapo wewe mwenyewe umepatembea. Je, kijia unachokijua kimo? Kijito kinapita upande wake? Kontua zinarukaruka kwa mita ngapi? Za mita 50 zinatosha kutazamia mlima kwa mbali, hazitoshi kuchagulia pa kukanyaga. Uliza pia kama ramani inafungwa kwenye kifaa kimoja. Nyingi za kulipia ziko hivyo, na siku ukibadilisha kifaa unaweza kujikuta unalipa upya.

Na jambo ambalo huenda muuzaji hakukwambia: kuna ramani za bure zinazotokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambao ramani yake huchorwa na watu wa kujitolea. Kwa vifaa vya Garmin utapata mafaili yaliyokwisha kutayarishwa, ya barabara na hata yaliyoongezwa kontua. Ubora unategemea eneo, kwa sababu penye wachoraji wengi vijia vyote vimo, na penye wachache utakuta pengo. Weka barabara za bure kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha fedha yako itumie kwenye topografia nzuri.

SWALI: Nimeweka ramani zote mbili kwenye GPS, lakini kontua zimetoweka. Nimeharibu kitu?

JIBU: Hujaharibu kitu. Ramani hupangwa moja juu ya nyingine, na ile ya juu ikiwa imejaa rangi huifunika ya chini. Ingia kwenye mipangilio ya ramani, zima ya barabara, na kontua zitarudi. Ukirudi kwenye gari, washa hiyo na uzime nyingine. Zipo pia kontua zilizotengenezwa bila rangi ya chini. Hizo hukaa juu ya ramani ya barabara bila kuificha.

SWALI: Nina ramani ya topografia, ila nikikiambia kifaa kinipeleke kileleni kinachora mstari mnyoofu unaokatiza bonde. Kwa nini hakifuati njia?

JIBU: Tazama kwanza mipangilio ya njia. Ikiwa kimewekwa kwenda moja kwa moja, kibadilishe kifuate barabara au vijia. Kama bado, basi ramani yako ni picha tu: kijia kimechorwa, lakini hakina habari za kukiwezesha kifaa kukifuata. Mstari ule unakupa mwelekeo na umbali, na usiufuate kwa miguu.

Chora njia mwenyewe kwenye kompyuta, ukipita juu ya mgongo wa mlima, uihifadhi kama faili la GPX, aina ya faili la njia ambalo vifaa vya GPS hulisoma, na kuihamishia kwenye kifaa. Weka alama nyingi penye njia panda, vivuko na mahali pa kuanza kushuka. Kwenye njia isiyo na matawi chache zinatosha. Na kabla ya kupiga hatua ya kwanza, hakikisha kifaa kinarekodi mnapopita, ili ukungu ukiwazidi mrudi kwa njia ileile mliyokuja nayo.