Dawa imeua bakteria, mbona homa imepanda?

SWALI: Shikamoo mama. Nilipimwa nikakutwa na kaswende, nikachomwa sindano ya penisilini saa nne asubuhi. Sikuwa na homa, ni vipele tu mwilini. Kufika saa kumi jioni natetemeka hadi meno yanagongana, kichwa kinapasuka, viungo vyote vinauma, na vipele vimekolea rangi. Kesho yake asubuhi niliamka mzima. Muuguzi aliniambia, “Ni wadudu wanakufa.” Mdudu aliyekufa ananiumizaje? Au mwili wangu umeikataa dawa? Mume wangu naye anatakiwa achomwe, ila kwa yaliyonipata anaogopa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mumeo aende akachomwe, leo kama inawezekana. Akibaki bila tiba atakurudishia ugonjwa, na mateso yako yote yatakuwa ya bure.

Yaliyokupata yana jina: mmenyuko wa Jarisch na Herxheimer, madaktari wawili wa ngozi walioueleza, mmoja mwaka 1895, mwingine 1902. Siku hizo kaswende ilitibiwa kwa zebaki na penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Kwa hiyo usiilaumu dawa yako.

Muuguzi alikwambia kweli, ila hakuimaliza. Bakteria wa kaswende nimemwona kwa macho yangu. Ni mwembamba mno, rangi tunazotumia kila siku maabara hazimwonyeshi, hivyo tunamtafuta kwa hadubini inayomulika kutoka pembeni. Unaona giza tupu, halafu unapita uzi mweupe uliosokotwa kama skrubu, unajizungusha taratibu, mara unajikunja katikati. Kila nilipomwona nilinyamaza kidogo, maana najua anavyoweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi. Anajificha vizuri. Utando wake wa nje una protini chache sana, na zile zenye mkia wa mafuta, ambazo kinga yetu inazitambua upesi, nyingi ziko chini ya utando huo.

Sasa penisilini inaingia. Ukuta wa bakteria umefumwa kama wavu: nyuzi za sukari zilizounganishwa kwa vipande vifupi vya protini. Penisilini inazuia mafundo ya wavu huo yasifungwe. Bakteria anaendelea kukua, ukuta haushiki, anapasuka, na kila alichokificha kinamwagika ndani ya saa chache. Chembe zako nyeupe zina vipokezi vinavyonasa ile mikia ya mafuta, na vipokezi hivyo haviulizi kama mwenye mkia yu hai au kafa. Zinaachia saitokini, yaani kemikali za kuitana vitani. Ujumbe ukifika kwenye ubongo, kemikali nyingine iitwayo prostaglandini inapandisha kiwango cha joto ambacho ubongo unakitaka. Mwili una nyuzi 37, ubongo unadai 39, ndiyo maana ulihisi baridi na misuli ikatetemeka kutengeneza joto. Homa ile ilitengenezwa na mwili wako mwenyewe. Kwa kawaida inaisha ndani ya saa 24. Maji, mapumziko na parasetamoli vinatosha.

Mzio wa penisilini hauko hivyo. Ule hatari huja upesi, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa moja: mwasho, mabaka yaliyovimba, midomo kuvimba, pumzi kubana. Ukiona hayo, usingoje, kimbilia hospitali. Na mjamzito aseme kabla ya sindano, kwa sababu mmenyuko huu unaweza kuamsha uchungu. Asikimbie tiba lakini. Kaswende isiyotibiwa inaua watoto tumboni.

SWALI: Mama, mimi ni mwanafunzi. Kama vipande vya ukuta wa bakteria vinaleta homa, mbona utumbo umejaa bakteria na hatuumwi kila siku?

JIBU: Swali zuri sana, mwanangu. Sababu mojawapo ni ute unaowatenga bakteria na seli za utumbo. Nyingine ni kwamba kuta hazifanani. Chukua lipopolisakaraidi, ile molekuli ya gamba la nje la bakteria wengi. Ya E. koli, bakteria mmojawapo wa utumboni, ina mikia sita ya mafuta na inaamsha kinga kwa nguvu. Kiasi kidogo mno kikiingia kwenye damu kinaleta homa. Ya Bakteroidesi, ambao ni wengi sana utumboni, huwa na mikia minne au mitano, na kinga huisikia kwa mbali tu.

Halafu kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Vipande vidogo vya ukuta hupenya kutoka utumbo hadi kwenye damu hata ukiwa mzima, na vina kazi. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba kwa panya vipande hivyo hufika hadi kwenye uboho, na chembe nyeupe za huko huua bakteria vizuri zaidi kwa sababu yake. Panya walioondolewa bakteria wa utumbo, chembe zao zililegea.

Na mwili usiposikia kabisa? Tuna kipokezi kiitwacho NOD2, kinachonasa kipande kimoja kidogo cha ukuta. Mwaka 2001 iligundulika kwamba baadhi ya wagonjwa wa Crohn, wenye utumbo unaovimba na kuchubuka miaka nenda miaka rudi, wana hitilafu kwenye jeni ya kipokezi hicho hicho.