Atoze kwa maneno, si kwa ukurasa
Mwanafunzi wa kidato cha tano anayeanza biashara ndogo ya kusahihisha maandishi atoze kwa idadi ya maneno, kwa sababu ukurasa wa A4 wenye herufi ndogo zilizobanana hubeba maneno 500 au zaidi, ilhali ule wenye nafasi mbili kati ya mistari hubeba takriban 250. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na kinachokula muda ni vitu vidogo kama “kwahiyo” badala ya “kwa hiyo”, au “ata” badala ya “hata”, ambavyo jicho huviruka kwa urahisi. Ila kazi ya mwanafunzi mwenzake itakayopewa alama asiiguse kabla mwalimu hajaridhia.