Kaspesi-3 iliyokatwa haionekani: usiilaumu kingamwili mapema

Ndugu, unatafuta kaspesi-3, kimeng'enya kinachokatwa seli zinapojiua, kwa western blot (kipimo cha kutenganisha protini kwa ukubwa na kuzitambua kwa kingamwili). Unasema seli zinakufa lakini kingamwili yako inaonyesha mstari wa kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa protini) 32 tu, yaani kaspesi-3 nzima; ule wa 17, wa kipande kilichokatwa, huuoni. Soma kwanza karatasi yake ya maelezo: inatambua kaspesi-3 nzima, kipande kilichokatwa, au vyote? Nyingine hushika ile nzima pekee.

Kisha, tafadhali sana, usimwage maji ya kuoteshea seli! Seli zinazokufa hubanduka na kuelea humo. Zikusanye pamoja na zilizobaki chini. Hapo ndipo wengi hupoteza ushahidi wenyewe. Utando unaohamishiwa protini uwe wa matundu ya mikroni 0.2, maana kipande kidogo hupenya kwa urahisi.

Weka pia seli za Jurkat (za saratani ya damu) zilizotiwa staurosporini, kemikali inayozifanya zijiue, kama kidhibiti chanya (mstari lazima uonekane), na MCF-7 (seli za saratani ya matiti), ambazo hazina kaspesi-3, kama kidhibiti hasi (mstari usionekane).