Ukiambiwa "jiuzulu tumalizane kwa wema" kabla ya kupunguzwa kazi: yaliyonikuta mimi 2019

Mkuu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Una miaka sita kazini, idara ya jirani imeshafungwa, watu wa hesabu wanapita na madaftari yao, na juzi afisa utumishi kakuita pembeni akakwambia uandike barua ya kuacha kazi upewe mishahara miwili "mambo yaishe kwa wema". Unauliza uichukue hiyo hela au usubiri. Natanguliza jibu, maelezo yatafuata: usiandike hiyo barua.

Mimi nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha plastiki hapa Dar, mwaka wa tisa. Aprili 2019 Waziri Mkuu akatangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni tarehe 31 Mei, na kuanzia Juni mosi ni marufuku. Mashine zetu nyingi zilikuwa za mifuko. Siku ile nikiwa kwenye daladala nilikuwa nahesabu kichwani marobota yaliyobaki stoo, nikajua kabisa kwamba yakiisha hayo na mimi nimeisha. Wiki tatu sikumwambia mke wangu. Nilikuwa naamka saa tisa usiku nakaa sebuleni gizani. Nakuandikia hili kwa sababu umesema na wewe hulali. Ile hofu ndiyo inayomfanya mtu asaini kitu chochote anachosogezewa.

Tulikuwa na mwenzetu stoo ya malighafi, miaka saba kazini, mchapakazi kweli. Yeye aliitwa kama ulivyoitwa wewe, katikati ya Mei, akapewa kalamu na barua iliyokwishachapwa. Akasaini, akalipwa mshahara wa mwezi na kitu kidogo juu yake. Alipokwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii tunaochangia kazini, kuomba fao la kukosa ajira akaulizwa kazi imekwishaje, akatoa barua yake mwenyewe inayosema ameacha kwa hiari. Fao lile ni la aliyepoteza kazi bila kuacha mwenyewe. Akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na huko nako barua ileile ikawekwa mezani. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimishwa kujiuzulu, ila kuthibitisha kwamba ulilazimishwa ni mzigo wako, na yeye hakuwa na shahidi wala karatasi. Mpaka leo nikimkumbuka naumia, kwa sababu ilikuwa wiki tatu tu kabla yetu sisi kuitwa kwenye kikao.

Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya kusudio lake mara tu anapoanza kulifikiria jambo hilo. Haruhusiwi kuamua kwanza halafu aje awatangazie. Anatakiwa aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi kama kipo, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama. Kinachojadiliwa ni sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya wanaoondoka, vigezo vya nani abaki nani aende, lini, na malipo. Msipoelewana, suala linakwenda CMA kwa usuluhishi. Sasa jiulize kwa nini wanataka barua yako leo, kabla ya kikao chochote. Ukijiuzulu, hayo yote hayawahusu tena.

Na kikao hicho si mchezo wa kuigiza kama watu wanavyodhani. Sisi tulikuwa na tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, mwenyekiti wetu fundi mitambo, mtu mpole lakini hasahau kitu. Kikao cha kwanza aliwauliza swali moja: mashine za ndoo na mabeseni zina zamu ngapi? Zilikuwa na zamu moja. Akasema ongezeni ya pili, wapelekeni baadhi ya watu wa mifuko huko. Wakabisha, wakaenda, wakarudi, na watu 11 wakahamishiwa ndoo, wapo waliodumu hapo miaka. Orodha ya kwanza ilikuwa na dada wawili walioko likizo ya uzazi, akaikataa palepale na majina yakatoka. Akadai pia kigezo kinachotumika sana, aliyeingia mwisho atangulie kutoka, isipokuwa pale ujuzi maalumu unapohitajika. Kigezo hicho hakikuniokoa mimi, kwa sababu stoo ya mifuko ilifungwa nzima na stoo ya ndoo ilikuwa na mtu mwenye miaka mingi kuliko yangu. Nilikubali, kwa kuwa niliona kwa macho yangu namna walivyofikia jina langu. Kama hapo kwenu hakuna chama, chagueni watu watatu wanaoaminika, na kila kikao mtu aandike muhtasari na tarehe.

Kuhusu hela, piga hesabu yako mwenyewe kabla hujatajiwa kiasi na mtu mwingine. Kiinua mgongo kwa kiwango cha chini cha sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi, na uwe umefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 520,000, wiki yetu ni siku sita za kazi, kwa hiyo siku moja ni 20,000. Siku saba ni 140,000, mara miaka 9 ni 1,260,000. Notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, wakailipa kwa pesa, 520,000. Likizo niliyokuwa sijaichukua, 280,000. Jumla 2,060,000, na kikao kikaongeza mshahara wa mwezi mmoja juu yake, kwa sababu viwango vya sheria ni sakafu, hakuna kinachokataza kupanda. Mwenzetu mmoja aliyekuwa ameajiriwa akiwa Tanga alilipwa na nauli ya kumrudisha yeye na mizigo yake. Dai pia cheti cha utumishi, ni haki yako. Sasa weka mishahara yako miwili ya "wema" pembeni ya hesabu yako ya miaka sita, na uongeze kile utakachokosa NSSF.

Hapo NSSF ndipo ningekuomba uanzie. Fao la kukosa ajira ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Mimi lilinisaidia kodi ya nyumba na unga, nisingesema zaidi ya hapo, lakini kodi na unga ndivyo vinavyomfanya mtu asiuze vitu vya ndani. Tatizo ni kwamba nilipokwenda Mei kuomba taarifa ya michango yangu nilikuta miezi saba haipo. Kwenye slipu zangu za mshahara makato yote yalikuwepo. Nilikuwa nimezitunza kwenye bahasha ya kaki tangu 2010, mke wangu alikuwa ananicheka kwa bahasha ile. Nikazipeleka kwa mwenyekiti, tawi la chama likalibeba suala hilo kikaoni, na michango ikawasilishwa kabla sijaondoka. Mtu akishatoka getini, kufuatilia michango ya nyuma ni safari ndefu mno. Kwa hiyo slipu, mkataba wa ajira, barua za kupandishwa mshahara, vyote vitoe nakala sasa hivi wakati bado una ufunguo wa kabati lako.

Mkopo wa benki uliousema: soma kurasa za bima kwenye mkataba wako. Wangu bima ilitaja kifo na ulemavu wa kudumu, kupunguzwa kazi haikutaja. Nilikwenda benki kabla ya mshahara kukatika, wakanipangia upya marejesho madogo kwa muda mrefu zaidi. Riba iliongezeka, lakini nililala. Bima ya afya nayo itumie kadi ikiwa hai. Mwanangu alikuwa anasumbuliwa na mafindofindo, tukamaliza vipimo na matibabu yake Juni.

Na mwambie mke wako leo. Mimi nilipomwambia wangu alikaa kimya kidogo, akauliza "umebaki na wiki ngapi?" Kumbe zamu yake ya kupokea mchezo, ile hela wanayochangiana na wenzake, ilikuwa Agosti, akaenda kuongea na wenzake wakambadilishia ikawa Juni. Ile hela ndiyo tuliyoanzia biashara ya vifungashio, mifuko ileile mbadala iliyoniondoa kazini, nikiuza kwa jumla Tandika kwa watu walionifahamu tangu stoo. Nilipoteza wiki tatu nzima kwa kumficha mtu aliyekuwa na nusu ya jibu.

Wakikuondoa bila utaratibu, kumbuka muda. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanafikishwa CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, madai mengine siku 60. Unajaza fomu namba moja, hulipii chochote, na usuluhishi unatangulia kabla ya uamuzi. Usikae kusubiri ahadi za simu. Siku 30 zinakwisha ukiwa bado unaambiwa "njoo wiki ijayo".

Kwa afisa utumishi jibu kwa adabu: barua ya kuacha kazi siandiki, ila kama kampuni ina mpango wa kupunguza watu naomba tupewe taarifa kwa maandishi. Sema hivyo tu, usigombane naye, na yeye ametumwa. Jioni hiyohiyo andika kwenye daftari tarehe, saa na alichokujibu.

Jumatatu ipitie kwanza ofisi ya NSSF na kitambulisho chako, kabla hujafika kazini. Ukishapata taarifa ya michango, rudi hapa utuambie miezi mingapi haipo, tuone pa kuanzia.