Jibu: PLL inaruka fezi ikipigwa na ioni nzito

Mkuu, umeuliza kwa nini PLL yako (kitanzi kinachofunga fezi ya oskileta kwa saa ya rejea) inaruka. Kama kigawanyi cha masafa tayari kina nakala tatu na kura ya wengi, na bado PLL hiyo ya teknolojia ya 65 nm inaruka mizunguko kadhaa, acha kuhangaika na mantiki. Angalia pampu ya chaji, ile inayosukuma mkondo kwenye kichujio ili kupanga volteji ya udhibiti ya oskileta.

Tuseme ioni imeacha 1 pC kwenye toleo la pampu, na kapasita ndogo ya kichujio ni 5 pF. Volteji ya udhibiti inaruka 200 mV papo hapo. Kwa oskileta yenye usikivu wa 500 MHz/V (masafa yanavyobadilika kwa kila volti) umeshatoka nje kwa 100 MHz, mpaka rezista ya kiloomu 10 ihamishie chaji kwenye kapasita kubwa, yaani kama ns 50. Hapo mizunguko 5 imekwenda.

Shusha usikivu wa oskileta hadi 50 MHz/V. Masafa mengine yashikwe na benki ya kapasita za kuwasha na kuzima. Rejista za benki hiyo nazo zipigiwe kura, maana biti moja ikigeuka kitanzi kinapoteza mfungo kabisa. Kisha ongeza mkondo wa pampu mara 10 ili upana wa kitanzi (kasi yake ya kujirekebisha) usiporomoke. Wengi husahau hili, halafu wanalaumu mionzi.

Oskileta ya pete (mnyororo wa vigeuzi uliofungwa duara) binafsi siipendi kwa kazi hii. Chipu ya mawasiliano ya lpGBT ya CERN, nayo 65 nm, inatumia oskileta ya LC (koili na kapasita) ya 5.12 GHz. Ila varakta (kapasita inayobadilishwa kwa volteji) ndani ya kisima cha n, yaani eneo la silikoni ya aina n, hukusanya chaji, kwa hiyo ifanye ndogo.

Na kwa dozi kubwa ya mionzi, transista za PMOS nyembamba hupoteza mkondo: usiweke upana wa chini kabisa.