Kabla hujamwiga bingwa wa zamani, jua alipigana kwa sheria zipi

Bingwa mstaafu akihojiwa redioni hakosi kusema mabondia wa siku hizi ni laini: raundi chache, mapambano mawili kwa mwaka, jasho likitoka kidogo tu wanaomba maji. Vijana wa gym wanasikia, na kesho yake wanataka kuishi kama alivyoishi yeye. Hapo ndipo wengi huumia. Anachosema mkongwe mara nyingi ni kweli, ila ni kweli kwa sheria za wakati wake. Sheria zikibadilika, mwili unaotakiwa ulingoni nao hubadilika, na mazoezi lazima yafuate.

Anza na raundi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa la raundi 15. Novemba 1982, Las Vegas, Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipigwa na Ray Mancini katika raundi ya 14 na akafariki siku chache baadaye. WBC, moja ya mashirika yanayosimamia ubingwa wa dunia, ikashusha hadi raundi 12. WBA na IBF, mashirika mengine ya aina hiyo, zikafuata kabla muongo ule haujaisha. Ukihesabu dakika za kupigana, 45 zimekuwa 36, na unaweza kudhani ni tofauti ndogo. Siyo ndogo. Septemba 1981 Thomas Hearns alikuwa anamwongoza Sugar Ray Leonard kwenye kadi za majaji wote watatu, kisha Leonard akammaliza raundi ya 14. Kwa sheria ya leo pambano lile lingekuwa limekwisha, na Hearns angeondoka na mikanda yote.

Ndiyo maana mkongwe anakwambia, "Usiwe na haraka, mwache achoke, mle mwilini kwanza." Kwa raundi 15 ilikuwa hesabu nzuri. Kijana anayepigana raundi 6 kwenye ukumbi wa mtaani akifuata ushauri huo anajinyonga mwenyewe. Raundi ikimalizika kwa 10-9, yaani mshindi wa raundi apate pointi 10 na mwenzake 9, na umeachia tatu za mwanzo, hata ukishinda tatu zilizobaki unapata sare tu, labda umwangushe. Katika raundi 6 unahitaji 4. Kwa hiyo anza kazi kengele ya kwanza inapolia, maana yake upashe mwili chumbani dakika 15 hadi 20 hadi jasho litoke, upige pedi raundi mbili fupi, kisha uingie ulingoni ukiwa moto. Wengi wetu tunapoteza raundi ya kwanza kwa sababu tumeketi kwenye benchi tukisubiri kuitwa.

Mbio nazo zifuate hesabu hiyo. Zile kilomita 15 za alfajiri kila siku kwa mwendo mmoja zilijenga pumzi ya saa nzima, na bado zina nafasi yake, ila si kila siku. Kwa bondia wa raundi 6 hadi 10, mbio mbili za taratibu kwa wiki za dakika 45 hadi 60 zinatosha. Siku nyingine mbili kimbia kwa vipande: dakika 3 kwa kasi ambayo huwezi kuongea, dakika 1 ya kutembea, mara 6. Ndivyo pambano linavyokwenda. Kipande cha nne kikikushinda, ujue raundi ya nne itakushinda pia.

Sasa uzito, ambao ndio naona umebadilika kuliko vyote, na ndio wazee wanausemea kidogo zaidi. Zamani bondia wa kulipwa alipimwa asubuhi ya siku ya pambano. Akijikausha sana, jioni anapanda ulingoni akiwa mkavu, kwa hiyo alilazimika kuishi karibu na uzito wake. Kuanzia miaka ya 1980 upimaji ukahamia siku moja kabla, ili apate muda wa kurudisha maji. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba watu wanajikausha kilo 6 au 7, wanapima, wanakunywa, na kesho yake wanapanda wakiwa uzito mwingine kabisa. IBF iliona tatizo hilo ikaweka upimaji wa pili asubuhi ya pambano la ubingwa, ikataka bondia asizidi pauni 10, yaani kilo 4.5, juu ya kikomo. WBC nayo hukagua siku 30 kabla, na bondia hatakiwi kuwa zaidi ya asilimia 10 juu ya uzito anaopigania.

Chukua namba hiyo ya WBC uifanye sheria yako hata kama unapigania ng'ombe na bahasha. Unapigana kilo 61? Mwezi mmoja kabla usiwe zaidi ya kilo 67. Ukiwa 70, kataa pambano au omba uzito wa juu zaidi. Wiki nne punguza ugali na wali nusu, acha soda na chapati, baki na maharage, samaki, mayai na mboga. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo salama. Maji ya mwisho ya kutoa yasizidi kilo 2. Kuvaa mfuko wa plastiki na kukimbia juani saa nane mchana, kumeza dawa za kukojoa, kutema mate kwenye chupa usiku kucha: vyote vinashusha mizani, na vyote vinakupeleka ulingoni ukiwa na damu nzito, moyo unaokimbia na misuli inayokamata.

Ukishapima, kila kilo moja uliyotoa kwa jasho inahitaji lita moja na nusu ya kurudisha, kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Usinywe lita mbili kwa mkupuo, utatapika. Maji matupu hayatoshi kwa sababu chumvi nayo ilitoka. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga, kunywa. Chakula cha kwanza kiwe chepesi, wali na ndizi au uji, kabla ya nyama. Nyama choma kilo nzima nje ya ukumbi wa kupimia nimeiona ikimwangusha bondia kabla hata mpinzani hajamgusa. Kwa mabondia wa ridhaa, wasiolipwa, hadithi ni nyingine kabisa: bado wanapimwa asubuhi ya kila siku wanayopigana, na kwenye mashindano marefu wanaweza kupima mara nne au tano. Ujanja wa kilo 5 wa ngumi za kulipwa hauwafai.

Halafu kuna hoja ya wingi wa mapambano. Februari 1943 Sugar Ray Robinson alipigwa na Jake LaMotta tarehe 5, akapigana na mtu mwingine tarehe 19, akarudiana na LaMotta tarehe 26 na kushinda. Alimaliza kazi yake akiwa na mapambano karibu 200. Floyd Mayweather alistaafu na 50. Wazee wanaona hapo uvivu. Kwangu, swali la maana ni Robinson alijifunza wapi. Ulingoni, mbele ya watu, kila wiki mbili. Leo mafunzo hayo yamehamia gym, na ndiyo maana namna ya kuchapana gym ni jambo la kufa na kupona.

Gym nyingi zetu zinachapana vita tupu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, glovu zilezile, hakuna anayehesabu. Panga hivi: wiki ya kawaida siku moja ya nguvu, siku moja ya mbinu kwa nusu ya nguvu. Ukikaribia pambano, wiki ya tano hadi ya pili kabla, raundi za nguvu zianzie 4 zipande hadi idadi ya pambano lako. Siku 10 za mwisho hakuna kuchapana kabisa. Glovu ziwe aunsi 16, mwenye mwili mdogo 14. Zile za aunsi 8, zinazovaliwa hadi uzito wa welter (kilo 66.7), na 10 kwa wazito zaidi, ni za pambano tu. Na ikague glovu kabla hujaivaa: bonyeza kwa kidole gumba pale fundo za vidole zinapokaa. Ukizisikia fundo za mwenzako kupitia ngozi, sponji imekufa. Glovu hiyo isiguse tena kichwa cha mtu, itumike kupigia begi la mazoezi au itupwe. Bandeji ya mita 4.5 zungusha kiganjani mara tatu, fundo za vidole mara tatu, pitisha kati ya vidole, malizia kifundo cha mkono. Ukikunja ngumi iwe imebana; ukifungua, vidole visife ganzi.

Kuna jambo moja ambalo mkongwe akilisema, nyamaza usikilize: kupigana kwa karibu. Vijana wengi leo wakikaribiana wanakumbatiana wakimsubiri refa. Mtazame Roberto Durán akimpiga Leonard Montreal, Juni 1980, raundi 15, sauti imezimwa. Angalia paji lake la uso. Linakaa kwenye bega la Leonard juu ya mtulinga, kichwa hakiendi chini ya kiuno, viwiko vimebana mbavu. Anamsukuma kwa bega nusu hatua ndipo anapiga, kwa sababu mtu aliyekuganda hana nafasi ya kupigika. Zoezi lake ni rahisi: chora duara la mita moja na nusu, wawili ndani, raundi tatu za dakika mbili, ngumi za mwilini tu kwa nusu nguvu, atakayetoka kwenye duara anaanza upya. Ini la mwenzako liko upande wake wa kulia chini ya mbavu, na ngumi yako ya kushoto ndiyo inayolifikia, ikipanda kidogo kutoka chini. Kosa la wote wanaoanza ni kuangalia chini. Ukiangalia viatu, unapigwa ya kidevu ambayo hukuiona.

Tahadhari kwa walimu wa ridhaa waliokulia kati ya 1992 na 2012. Olimpiki za miaka ile zilihesabiwa kwa vitufe: majaji watano, ngumi ilihesabika wakibonyeza watatu karibu wakati mmoja. Bondia akafundishwa kugusa moja na kukimbia. Tangu 2013 majaji wanatoa 10 kwa 9 kama ngumi za kulipwa, na wanaume wa ngazi ya juu wamevua kofia za kinga. Anayegusa na kukimbia leo anapoteza raundi zote tatu, na anayeingia na kichwa mbele anapasuka nyusi.

Kuhusu kusimamisha pambano, sitaki kabisa kusikia kwamba zamani watu walikuwa wagumu. Robert Wangila alileta dhahabu pekee ya Kenya ya ngumi za Olimpiki, Seoul 1988. Julai 1994, Las Vegas, mwamuzi alimsimamisha dhidi ya David Gonzalez. Wangila akalalamika, baadaye akazimia, na akafariki. Bondia kulalamika kwamba yuko sawa si kipimo. Mtu wa kona aamue kabla ya raundi: nikiona miguu imevuka, au ameuliza swali lilelile mara mbili, taulo linaingia. Baada ya pambano asilale peke yake usiku huo. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi mzito, maneno kuvutika au mboni moja kubwa kuliko nyingine, peleka hospitali yenye kipimo cha CT, kinachopiga picha ya ndani ya kichwa, saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Aliyepigwa KO, yaani kuangushwa asiweze kuendelea, akae angalau siku 60 bila ngumi ya kichwa, hata gym, hata kwa glovu za aunsi 16, na apate ruhusa ya daktari kabla ya kurudi.