Msimu Unafunga, Lakini Mrehani Usiung'oe Bado

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia akiuliza kama ang'oe viungo vyote bustanini mwake. Msimu unaisha, na jirani amemwambia kwamba majani ya mwishoni hayana kitu. Swali lake limenichoma, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, tena mbele za watu, na mtu niliyemheshimu sana kwa ukulima wake. Alichukua kitita changu cha thaimu kavu, akakinusa, akakirudisha mezani na kusema hayo ni majani ya kulishia mbuzi. Sikumjibu. Msimu uliofuata nilivuna karibu na mwisho kabisa, nikakausha kwa njia yangu, nikafunga kwenye chupa na kunyamaza. Chupa ile nimeifungua juzi, miezi mingi baadaye, na harufu ilijaa jikoni kabla sijatia hata jani moja chunguni. Laiti angekuwepo!

Harufu ya viungo inatokana na mafuta mepesi yaliyomo ndani ya jani: mentholi kwenye mnanaa, thimoli kwenye thaimu. Mafuta hayo huruka yakipata joto. Maji ya jani nayo, yakikawia kutoka, huleta ukungu. Kukausha ni kuyatoa maji bila kuyafukuza mafuta, basi. Anayekuuzia siri nyingine zaidi ya hiyo anakupotezea muda.

Ndiyo maana mimi huvuna asubuhi, umande ukishakauka na jua bado halijawa kali. Viungo vingi huwa na mafuta mengi zaidi pale maua yanapokaribia kuchanua, kwa hiyo msimu unapoelekea ukingoni nakata vichwa vya maua kila ninapopita, ili mmea uendelee kutoa majani. Watu hawaifanyi kazi hii ndogo, kisha wanalaumu msimu.

Mrehani ndio wa kwanza kuvunwa, wala usibembelezane nao. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi majani yake huanza kuingia weusi, na jalidi, yaani baridi ya kugandisha umande, ikipiga usiku mmoja tu huna mrehani tena. Rozimari, thaimu na seji ni wavumilivu zaidi, na kwa kuwa ni mimea ya kudumu usizikwangue zote. Chukua theluthi moja, usizidishe. Kama unakoishi jalidi huanguka, ukataji mkubwa wa mwisho uwe mwezi mmoja hivi kabla yake, maana machipukizi yatakayofuata ni laini na baridi itayaua.

Yenye majani magumu nayafunga vitita vyembamba, nayaning'iniza vichwa chini mahali penye kivuli na hewa inayopita. Tumia mpira wa kufungia badala ya kamba, kwa sababu vibua husinyaa vikikauka na kamba hulegea. Mrehani na mnanaa vina maji mengi, na kitita kinene huota ukungu katikati wakati nje kinaonekana kizuri. Hivyo napurura majani na kuyatandaza juu ya wavu, yasilaliane. Hewa ikiwa na unyevu, oveni inafaa, lakini iwe kwenye moto wake wa chini kabisa, mlango ukiachwa wazi kidogo. Nyuzi 35 hadi 40 zinatosha.

Na jua? Hapa ndipo ninapogombana na watu kila mwaka. Jua kali hulipausha jani na kuondoka na harufu yake. Ndugu zangu, tumepanda, tumemwagilia, tumepalilia miezi yote hiyo, halafu siku ya mwisho tunaanika juani kwa sababu tuna haraka! Kivuli na hewa. Yule aliyenicheka alikuwa akianika juani, na naamini hajawahi kuonja thaimu yake mwenyewe ilivyopaswa kuwa. Tuache kudharau mavuno ya mwishoni eti kwa sababu tumechoka. Anayetaka chakula chenye ladha mwaka mzima lazima aipende kazi hata inapobaki kidogo.

Jani lililokauka sawasawa hupukutika ukilifikicha, na kibua hukatika kwa mlio. Likipinda, rudisha kivulini. Hifadhi majani yakiwa mazima, kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, mbali na mwanga na jiko, kisha uyafikiche siku ya kupika. Siku za mwanzo ichungulie chupa. Ukiona mvuke ndani, yatoe yakauke tena. Yakitunzwa hivyo hukaa na ladha karibu mwaka mzima. Kwenye mapishi, kijiko kimoja cha chai cha majani makavu hushika nafasi ya kijiko kimoja cha chakula cha mabichi.

Majani ya kotimiri na parsli siyakaushi, kwa kuwa yakikauka ladha hupotea. Nayakatakata, natia kwenye trei ya barafu pamoja na maji kidogo, yanakwenda friza. Ila kotimiri iliyokwisha kutoa mbegu usiitupe. Vichwa vikianza kugeuka kahawia, vikate na vibua vyake, vivishe mfuko wa karatasi na uvining'inize vichwa chini. Mbegu zitadondoka zenyewe mfukoni: nyingine za kusaga, nyingine za kupanda msimu ujao.